Yai la safura halisubiri

Watu wa umri wangu waliosoma skuli za visiwani wanakijua kibiriti, na sisemi cha kuwashia jiko. Mwalimu alikuwa akitangaza mstarini kwamba kesho wanakuja “watu wa minyoo”, kila mtoto aje na kibiriti kitupu, ndani yake atie kidogo alichojaaliwa asubuhi, akifunge kwa uzi na aandike jina. Wapo waliosahau wakatia udongo njiani. Wapo waliokopa kwa jirani. Mimi mwaka mmoja nilimkopa mdogo wangu, nikapewa dawa ya minyoo isiyokuwa yangu. Yeye siku hiyo hakwenda skuli, basi hakupewa kitu.

Kibiriti kimeondoka. Siku hizi mtoto hupewa kikopo cha plastiki chenye mfuniko, na aliye na bahati hupewa na kijiti cha kuchotea. Lakini safari ya kilichomo ndani, kutoka chooni hadi chini ya hadubini, haijabadilika sana. Nimeikumbuka safari hiyo kwa sababu kwa zaidi ya miaka kumi sasa Pemba imekuwa mahali pa kujaribia jambo moja linalowashughulisha wataalamu wa nchi nyingi: je, kamera ya bei nafuu inaweza kukaa pahala pa jicho la fundi wa maabara?

Kisa chenyewe kimeanzia Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, kwenye Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri. Huyo alikuwa profesa wa Kitaliano wa elimu ya vimelea, aliyeijua Pemba na kutamani iwe na maabara yake. Alifariki 1993 kabla hajaiona. Taasisi yenye jina lake ikaundwa mwaka uliofuata, na Juni 2000 maabara ikafunguliwa, mali ya Wizara ya Afya ya Zanzibar. Ukitaja minyoo ya tumbo katika mkutano wowote wa kitaalamu, pengine watu hawataijua karafuu, lakini Pemba wataijua.

Sasa simu. Daktari mmoja wa magonjwa ya kuambukiza kutoka Toronto, Isaac Bogoch, akiwa na Jason Andrews na wenzao wa Uswisi na Pemba, alichukua iPhone 4S, ambayo wakati ule ilikuwa mpya mpya. Juu ya kamera yake ikabandikwa gololi ya kioo yenye upana wa milimita 3, kwa selotepu ya pande mbili. Gololi ilinunuliwa kwa dola 8. Kwa chini ikamulikwa tochi ndogo. Basi, hiyo ndiyo hadubini. Kisiwani kulikuwa na majaribio ya dawa za minyoo, kwa hiyo vioo vyenye choo cha watoto wa skuli vilikuwapo tayari na vilikuwa vimeshasomwa kwa hadubini ya kawaida. Wakavichukua 199 wakavitazama upya kwa simu. Kati ya waandishi wa taarifa iliyochapishwa 2013 wamo Shaali Ame na Said Ali wa maabara ya Wawi, jambo ambalo magazeti ya nje yaliyoishangilia simu hiyo hayakuona haja ya kulitaja.

Na yaliishangilia kweli. Gololi, selotepu, simu, kisiwa cha mbali: nani asiyeipenda habari kama hiyo? Lakini soma matokeo polepole. Kwa mnyoo mkubwa wa duara, ambao wengine tunamwita chango, simu iliwaona watoto 81 kati ya kila 100 ambao hadubini ilisema wanao. Kwa mnyoo mjeledi iliwaona 54. Kwa safura, yule anayefyonza damu, iliwaona 14 tu. Watoto themanini na sita wangerudi nyumbani wakiambiwa wako salama.

Ili kujua kwa nini, hebu tuingie chumba chenyewe. Njia inayotumika Pemba, na karibu dunia nzima ya minyoo, inaitwa Kato-Katz. Kato ni Mjapani aliyeianzisha miaka ya 1950, Katz ni Mbrazili aliyeitengeneza upya mwaka 1972, na tangu hapo haikubadilika kwa kiasi cha kusema. Fundi anavaa glovu, anatandaza karatasi, anaweka juu yake kidogo cha choo. Anakandamiza wavu kwa juu na kukwangua kinachopenya, kilicho laini, kisicho na ganda la kunde wala mbegu ya pilipili. Hicho anakijaza katika tundu la kibao cha plastiki kilicholazwa juu ya kioo. Tundu limepimwa: linabeba miligramu 41.7. Akiinua kibao, juu ya kioo kinabaki kidonge mfano wa punje ya dengu. Anakifunika kwa kipande cha selofani kilicholowekwa tangu jana katika glisarini yenye rangi ya kijani, anakigeuza kioo, anakikandamiza taratibu mpaka kidonge kinatandaa kama kichapati. Halafu anasubiri.

Anasubiri kwa sababu glisarini inapenya katika choo na kukifanya kiwe angavu, mwanga upite, mayai yaonekane. Na mayai haya hayafanani. La chango ni la kahawia, gamba lake lina vinundunundu kama ganda la fenesi, ukishaliona mara moja hulisahau. La mnyoo mjeledi ni kama limau dogo lenye chuchu pande zote mbili. La safura ni jengine kabisa. Ganda lake ni jembamba kupita kiasi, halina rangi, ndani yake kuna seli chache zimekumbatiana. Ni kama povu la sabuni lililosahaulika ukingoni mwa beseni. Na glisarini ileile inayokisafisha choo ili tuone, haichelewi kulisafisha na yai lenyewe. Ndani ya nusu saa au saa moja baada ya kuandaliwa kioo, yai la safura linaanza kufifia, kisha halipo. Mayai ya chango na mjeledi utayakuta hata kesho.

Kwa hiyo fundi anayesoma vioo hivyo anashindana na saa. Ana kidude cha kubofya mkononi, jicho kwenye hadubini, anakwenda kutoka ukingo hadi ukingo kama mtu anayelima matuta, asiruke mstari. Kila yai bofyo moja. Mwisho anazidisha kwa 24 kupata idadi ya mayai katika gramu moja ya choo. Maana yake ni kwamba jicho likikosa yai moja, hesabu inapungua ishirini na nne. Na akimaliza kioo hicho, viko vyengine vinamngoja.

Gololi ya kioo haiwezi kazi hiyo. Inaona wazi katikati tu, pembeni picha inavurugika. Uwanja wake ni mdogo. Yai la chango lenye ganda la fenesi linajitokeza hata kwenye picha mbaya, la safura hapana. Tukiwa hapo, isidhaniwe kuwa gololi ni uvumbuzi wa zama za simu. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft huko Uholanzi, alikuwa akitengeneza vilenzi vidogo vya namna hiyo katika karne ya kumi na saba, na mwaka 1681, akiwa anaharisha, alitazama choo chake mwenyewe kwa kilenzi kimoja akaona vidudu vikiogelea. Wataalamu wanaamini vilikuwa vijidudu tunavyoviita leo giadia. Yaani wazo la dola 8 lina zaidi ya miaka mia tatu. Kilichoongezeka ni kwamba picha inabaki. Nitalirudia hilo.

Kwa nini basi yote haya yafanyike Pemba? Jibu la haraka ni kwamba minyoo ilikuwapo kwa wingi wa kutisha. Miaka ya 1990 Rebecca Stoltzfus wa Marekani na wenzake waliwapima watoto wa skuli 3,595 kisiwani. Asilimia 62.3 walikuwa na upungufu wa damu. Walipochambua sababu, waliona kwamba karibu robo tatu ya upungufu mkali wa damu, asilimia 73, ilitokana na safura. Kwa mkulima wa mpunga wa bonde au mchumaji wa karafuu hili halihitaji hesabu. Mabuu ya safura yanakaa katika udongo wenye unyevu na kivuli, yanatoboa ngozi ya mguu mtupu, yanasafiri hadi matumbo na kujing'ang'aniza. Mtoto anakuwa mweupe wa viganja, mzito wa kuamka, na darasani anaitwa mvivu. Wangapi tuliosoma nao waliitwa wavivu kumbe wanaliwa?

Kisha zikaja kampeni za kugawa dawa maskulini, miaka nenda miaka rudi, na minyoo ikapungua wingi. Hapo ndipo mambo yalipopata ugumu mpya. Mtoto wa zamani alikuwa na maelfu ya mayai katika gramu moja ya choo, hata picha mbovu ingemkamata. Mtoto wa leo ana machache. Wataalamu huita hali hiyo maambukizi mepesi: kwa safura ni chini ya mayai 2,000 kwa gramu, kwa mjeledi chini ya 1,000. Shirika la Afya Duniani limejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 maambukizi ya kati na makali yawe chini ya asilimia 2. Ili nchi iseme imefika, lazima iwe na njia ya kuyaona mayai yakiwa adimu. Kwa maneno mengine, kadiri Pemba inavyofanikiwa, ndivyo kifaa cha bei nafuu kinavyozidi kupofuka.

Hilo limejitokeza tena na tena. Baada ya simu ikaja mashine ya kondoo. Sifanyi mzaha. Kampuni ya Techion ya New Zealand ilikuwa imewatengenezea wafugaji chombo cha kupima minyoo ya mifugo bila kumngoja daktari. Kinyesi huchanganywa na maji ya chumvi nzito, mayai yanaelea na kujikusanya pamoja sehemu ya juu, kamera inapiga picha pale pale, picha inatumwa kwa intaneti, na mtu mwenye ujuzi aliye popote duniani anayahesabu. Watafiti wakaona, linalowezekana kwa kondoo linaweza kufaa kwa binadamu. Chombo hicho, FECPAKG2 kwa jina lake la biashara, kililetwa Pemba na kulinganishwa na Kato-Katz, matokeo yakachapishwa 2018. Mwaka uliofuata yakatoka ya jaribio kubwa zaidi lililofanyika Ethiopia, Laos na hapa Pemba. Yote mawili yalisema lile lile: mashine ilikosa maambukizi ambayo Kato-Katz iliyaona, hasa yale mepesi. Choo cha mtu si kinyesi cha kondoo. Mayai mengi hayakufika kule juu yanakopigwa picha.

Ningeweza kuishia hapo na kusema jicho la fundi limeshinda. Lakini hilo nalo si kweli, na ushahidi umetoka kwa jirani zetu. Ng'ambo ya bahari, katika kaunti ya Kwale nchini Kenya, watafiti waliotoka vyuo vya Helsinki na Stockholm wakishirikiana na Wakenya waliweka mashine ndogo ya kuskani vioo katika hospitali ya Kinondo. Waliandaa vioo vya Kato-Katz kutoka kwa watoto wa skuli, sampuli 1,335, vikaskaniwa kioo kizima, kisha akili mnemba ikafundishwa kuyatambua mayai. Taarifa yao ilitoka 2024. Maambukizi karibu yote yalikuwa mepesi, yaani hali ileile tuliyo nayo Pemba. Na katika sampuli 79 ambazo jicho la binadamu lilikuwa limezipitisha kuwa safi, kompyuta ilionyesha mayai. Wataalamu wakarudi kwenye picha kutazama. Mayai yalikuwapo.

Sitaki msomaji aelewe kwamba mafundi wa Kwale ni wazembe. Kioo kimoja kina mamia ya nafasi za kutazama, mtu amekaa tangu asubuhi, feni haifanyi kazi, safura zinayeyuka moja moja, na yai moja tu katika kioo kizima ndilo tofauti ya “ana” na “hana”. Mtu yeyote angelikosa. Mashine haichoki. Lakini tazama ilichofanya: haikumwondoa fundi. Fundi ndiye aliyechota, aliyekwangua, aliyejaza tundu, aliyefunika selofani, na mwisho ndiye aliyerudi kuthibitisha kwamba kile ambacho kompyuta imekizungushia duara ni yai, si chembe ya unga wala uzi wa mboga.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotuuzia neno “nafuu”. Katika utafiti uliochapishwa 2010, Benjamin Speich na wenzake, wakifanya kazi Zanzibar, walikaa na saa na daftari wakapiga hesabu ya gharama halisi ya kupima choo kwa Kato-Katz. Kioo kimoja kiligharimu dola 1.73, vioo viwili kwa mtoto huyo huyo dola 2.06. Sehemu kubwa ya fedha hiyo haikuwa vifaa. Ilikuwa mishahara: watu wa kwenda skuli, watu wa kuandaa, watu wa kusoma. Basi hata ukimpa mtu hadubini ya bure, umemwondolea sehemu ndogo tu ya mzigo. Gololi ya dola 8 inapendeza katika kichwa cha habari, lakini hakuna aliyeuliza iPhone 4S iliyo chini yake iliuzwa kiasi gani sokoni Darajani, wala nani atalipia kioo chake kikipasuka. Vijiji vya Micheweni havikosi gololi. Vinakosa fundi aliyeajiriwa na gari lenye mafuta.

Kwa hiyo picha ina faida gani? Kwa maoni yangu, ina faida moja kubwa ambayo haisemwi vya kutosha: inaliweka yai la safura. Lile povu la sabuni linaloyeyuka ndani ya saa moja, ukilipiga picha kwa wakati, litakuwapo wiki ijayo, mwaka ujao, na mwanafunzi wa chuo atalihesabu upya ukiwa umestaafu.

Fikiria maana yake katika kazi ambazo Pemba imezifanyia dunia. Jaribio lile la dawa lililotoa vioo vya simu ya Bogoch ni la watoto 458 wa skuli za Mchangamdogo na Shungi, na lilichapishwa 2014 katika jarida mashuhuri la tiba la New England huko Marekani. Jambo lililowashtua wengi ni kwamba albendazole, kidonge kinachogawiwa watoto kwa mamilioni, kilipotumiwa peke yake kiliwaponya mnyoo mjeledi asilimia 2.6 tu ya watoto. Mebendazole ilifika 11.8. Albendazole ikichanganywa na oxantel pamoate, dawa ya zamani inayotumika zaidi kwa wanyama, ilifika 31.2. Baadaye, mwaka 2022, jaribio jengine likaonyesha kwamba Pemba ivermectin na albendazole pamoja ziliwaponya mjeledi asilimia 49, dhidi ya 6 kwa albendazole pekee, wakati dawa hizo hizo huko Ivory Coast hazikuongeza kitu cha maana. Nchi zinabadili sera zao kwa nambari za namna hii.

Na nambari hizo zimetoka wapi? Kwa kila mtoto wa Mchangamdogo na Shungi vilisomwa vioo vinne kabla ya dawa na vinne baada yake. Piga hesabu ya harakaharaka, ni zaidi ya vioo 3,600. Kawaida katika utafiti wa namna hii ni mtu wa pili kurudia kusoma kimoja katika kila vioo kumi, siku hiyo hiyo, kabla safura hazijatoweka. Jioni vioo vinatupwa. Kilichobaki ni tarakimu katika daftari. Mimi naziamini tarakimu za Wawi, wale mafundi wana mkono uliozoea kuliko wengi duniani. Lakini kuamini si kuona. Siku mtu atakapotuuliza iwapo dawa inaanza kushindwa, na swali hilo linakuja, itafaa tuwe na picha za kumwonyesha, si kumbukumbu za kumsimulia.

Kichocho kinaonyesha jambo hilo kwa upande mwengine. Yai lake ni kubwa kuliko yote tuliyoyataja, lina mwiba mchongoko mwishoni, na linatafutwa katika mkojo: mililita 10 zinasukumwa kwa bomba la sindano kupitia kichujio, kichujio kinawekwa chini ya hadubini. Kwa picha ni yai jepesi kuliko yote. Miaka ya 1980 Lorenzo Savioli na wenzake walipoanza kazi Pemba, kuona damu katika mkojo wa mtoto wa kiume halikuwa jambo la ajabu. Leo sehemu nyingi za kisiwa zimefika pahala ambapo watoto wa skuli wenye kichocho ni chini ya asilimia 3. Mradi wa SchistoBreak, uliofanya kazi kaskazini mwa Pemba kati ya 2020 na 2024, ulijengwa juu ya hali hiyo: badala ya kumpa kila mtu dawa, timu zilimtafuta aliyeambukizwa, zikaenda nyumbani kwake, kwa majirani zake, kwenye bwawa walikooga, zikawapima na kuwatibu. Yai moja katika kichujio linaweza kuitoa timu nzima ofisini na kuituma shehia fulani kugonga milango. Kabla sheha hajaamshwa na kuambiwa kwamba mtaani kwake kuna kichocho, ningependa yai hilo liwe limepigwa picha na kuonwa na macho zaidi ya mawili.

Yapo ya kuhofia. Picha ya kioo kizima ni nzito, na bando si bure. Umeme tunao: tangu 2010 unatujia kwa waya chini ya bahari kutoka Tanga, lakini kila mtu kisiwani anajua siku unapoamua kupumzika. Kompyuta iliyofundishwa kwa vioo vya nchi nyengine haitakijua choo chetu chenye mabaki ya muhogo na wali wa mbaazi, lazima ifundishwe hapa. Na kuna suala la picha zinakwenda kulala wapi. Vifaa vingi nilivyovitaja vilikuja na mradi na vikaondoka na mradi. Fundi akabaki na hadubini yake ya macho mawili, kibao chenye tundu, na kidude cha kubofya, vitu ambavyo havihitaji nywila wala malipo ya kila mwaka. Wizara ikikubali chombo chengine cha picha, basi iandike katika mkataba kwamba chombo kinabaki Wawi, vipuri vyake vinapatikana, na picha za choo cha watoto wetu zina nakala hapa nyumbani. Hilo si kubwa la kuombwa.

Hata hivyo hakuna kamera inayoona kilichoharibika kabla hakijaifikia. Katika utafiti uliochapishwa 2021, Fabian Bosch na wenzake, tena wakiwa na Said Ali na Shaali Ame hapa hapa Pemba, walitaka kujua choo kikikaa kinapoteza nini. Chango na mjeledi havikutetereka sana. Safura ndiyo iliyopungua, kwa choo kilichowekwa muda mrefu na kwa kioo kilichochelewa kusomwa, na choo kilichohifadhiwa kwenye baridi kikawa na unafuu. Yaani hesabu inaanza kuharibika pale kikopo kinapokaa juani kwenye baraza ya skuli, kikimngoja dereva.

Kwa hiyo, mzazi, mtoto akirudi na kikopo cha plastiki kutoka skuli, usikipuuze. Kijazwe asubuhi ya siku ile ile, mfuniko ukaze, jina liandikwe, kikae kivulini, kifike mapema. Na kiwe cha kwake mwenyewe, si cha mdogo wake.